Kufuata Maji: Safari Yetu ya Unguja na Pemba

Jumamosi, Dar es Salaam hadi Unguja

Tumeondoka na boti ya asubuhi, mimi na mume wangu, watoto tumewaacha kwa bibi yao Mbagala. Kusi limekwisha, kaskazi bado haijaingia, na katika maleleji haya ya Oktoba bahari imelala. Dar hadi Unguja ni kama kilomita 70, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti za siku hizi. Mpango ni kukaa Unguja siku chache, kisha kuvuka kwenda Pemba, na kila tunaposhuka tutembee na tule. Kula ndiko hasa kulikotutoa nyumbani. Mume wangu ni mtu wa pweza. Tangu tuanze kuweka akiba ya safari hii, kila jioni alikuwa ananihesabia namna za kumpika: wa nazi, wa kukaanga, wa kuchoma, supu.

Boti ikikaribia bandari ya Malindi hapa Unguja, macho yanatafuta Beit al-Ajaib. Sultani Barghash alilijenga jumba hilo mwaka 1883, na ndilo lililokuwa likimpokea msafiri kabla hajaona kingine chochote. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Nimeliona mara nyingi kwenye picha, lakini kuliona kutoka baharini likiwa na jeraha lile kumeniuma. Mzee aliyekaa jirani yetu alilinyooshea kidole akamwambia mjukuu wake, "Pale ndipo umeme na lifti vilipoanza." Ni kweli, jumba hili lilitangulia Afrika Mashariki kwa vyote viwili.

Jioni tumekwenda Forodhani. Bustani hii ilikarabatiwa na shirika la Aga Khan la utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jua likishazama meza za vyakula zinajaa. Ushauri wangu kwa anayefika mara ya kwanza: usinunue mishkaki iliyokwishachomwa ikapangwa kama kuni tangu alasiri. Tafuta meza ambayo watoto wa mjini wenyewe wamepanga foleni. Sisi tumeanza na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, tukala pizza ya Zanzibar, ambayo ni unga uliotandazwa mpaka ukaonesha kiganja, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Nimeipenda kuliko nilivyotarajia.

Pweza alikuwepo, ila mikono yenyewe ilikuwa myembamba na mikavu. Mume wangu akauliza kulikoni. Kijana wa meza hakutaka kutuuzia maneno. "Kaka, leo mwezi una siku tisa tangu uandame, maji mafu haya. Pweza wa maana msubirini bamvua."

Nimekulia bara, kwa hiyo nilimwomba anieleze sawasawa. Pweza hukaa mashimoni, kwenye miamba. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kukupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Tofauti ya kujaa na kukupwa hapa Zanzibar hufika karibu mita nne. Hapo miamba hutoka nje na watu, wengi wao wanawake, huingia kwa miguu na kumchokoa. Katikati ya vipindi hivyo, wakati wa maji mafu, bahari haipandi wala haishuki kwa maana, miamba hubaki chini, na anayempata pweza ni mzamiaji tu. Nimehesabu kwa vidole pale pale mezani: bamvua itatukuta Pemba.

"Basi tuache pweza mpaka Pemba," nikasema. Mume wangu akakubali kwa shingo upande.

Jumapili, Mji Mkongwe na Changuu

Maji mafu yana faida yake. Yanajaa asubuhi, kwa hiyo mashua ya Changuu tumeipanda ufukweni bila kulowa magoti. Kisiwa kiko karibu tu. Gereza lililojengwa pale miaka ya 1890 halikutumika kama gereza. Likawa karantini ya abiria waliotoka kwenye meli zenye maradhi. Wenyeji wa kisiwa sasa ni kobe wakubwa wa Aldabra, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Tumewalisha majani. Kuna mmoja aliyenyoosha shingo ndefu, akafumba macho, akaacha mume wangu amkune chini ya kidevu kwa dakika kadhaa. Alipoacha kukuna, kobe akafungua jicho moja.

Tumerudi mjini adhuhuri, tukaenda Mkunazini. Kanisa la Kianglikana limesimama pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Waingereza walimlazimisha Barghash autie sahihi. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo, ndiye pia aliyeandika sarufi na tafsiri nyingi za Kiswahili za wakati ule. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Mtu akifika Unguja kwa siku moja tu, aache yote mengine aje hapa. Mume wangu alisoma kila ubao, na mimi nilikaa ukingoni mwa lile shimo mpaka aliponifuata.

Alasiri ni saa ya urojo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu urojo wa Dar tunaouita mix ni ndugu wa mbali tu wa huu. Tumempata mama mmoja nyuma ya Darajani, ana sufuria kubwa, benchi moja na bakuli za plastiki. Sufuriani kuna uji mwepesi wa unga wa ngano, wa manjano kwa bizari, ulioungwa ukwaju na embe mbichi. Anaanza kwa viazi vya kuchemsha vilivyokatwa, anamega kachori juu yake, anaweka bhajia ndogo za dengu, nyama mbili tatu za mishkaki alizozichomoa kwenye kijiti kwa vidole, kisha anamwagia uji. Juu ya hapo chatini ya nazi, pilipili ya kusaga, na mwisho kabisa chipsi za muhogo nyembamba, zinazotiwa mwisho ili zisilowe kabla hujafika nazo kinywani. Kijiko cha kwanza ni uchachu, cha pili ni nazi, pilipili inakuja baadaye wakati umeshajisahau.

"Mwanangu, nikuongeze embe?" akaniuliza, maana aliniona nainamisha bakuli.

Nimeongezwa.

Jumatatu, Jozani na Kizimkazi

Daladala la kusini, limejaa mpaka mlangoni, magunia ya muhogo juu ya paa. Tumeshuka Jozani. Kima punju asili yao ni Unguja peke yake, na hapa wamezoea watu kiasi kwamba wanakupita begani bila kukutazama. Muongozaji wetu alitueleza jambo ambalo limeniingia kuliko yote: kima hawa hula makaa. Nje ya msitu wanakula majani ya mikungu na miembe, yenye kemikali zinazowasumbua tumbo, kwa hiyo huokota vipande vya mkaa kwenye matanuri na majikoni, wakatafuna ili kujituliza. Mama mmoja wa kijijini alituambia amezoea kukuta jiko lake limechakurwa.

Kizimkazi tumekwenda kwa ajili ya msikiti wa Dimbani. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jengo lenyewe limejengwa upya baadaye, ila yale maandishi ya matumbawe yapo, na bado watu wanasali pale. Tumekaribishwa kwa ukarimu, tukavua viatu, tukajifunika, tukaingia.

Pomboo hatukuwafuata. Tulisimama ufukweni tukaona maboti yanavyowazunguka, moja mbele, moja nyuma, watu wanarukia maji kila wanyama wale wanapoinuka kuvuta pumzi. Pomboo anahitaji kulala na kunyonyesha kama mnyama yeyote. Nahodha mwenye subira anayezima injini mbali yupo, tumeambiwa, na mtu akitaka kwenda amtafute huyo. Kwa namna tuliyoiona leo, fedha yetu hatukuitoa.

Chakula cha mchana: changu wa kukaanga, wali wa nazi, kachumbari. Kizuri, hakina hadithi.

Jumanne, Mji Mkongwe, mvua

Mvua za vuli zimepiga tangu alfajiri. Uchochoro wetu umegeuka mfereji. Mwenye nyumba tuliyofikia, mama wa makamo ambaye kila mtu mtaani anamwita Bibi, alinikuta nimesimama mlangoni mwa jiko lake nikinusa iliki. Akanivuta ndani.

Alikuwa anapika mkate wa kumimina. Mchele ulilowekwa tangu jana, ukasagwa na tui zito, sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke. Nilipofika ulikuwa umejaa vipovu na unanuka kidogo uchachu wa kupendeza. Akatia ute wa yai, akakoroga upande mmoja tu. Nilipouliza kwa nini upande mmoja akasema mama yake alikoroga hivyo, na hilo lilitosha kuwa jibu. Kisufuria kizito kilikuwa jikoni kimepakwa samli. Akamimina, akafunika, akapunguza makaa mpaka yakabaki machache pembezoni.

Kisha ikaja kazi ambayo sikuwahi kuiona. Mkate ulipoanza kushika na juu pakawa na matundu matundu, akakifunua kile kisufuria, akakikamata kwa vitambaa viwili na kukipindua juu ya makaa, mdomo chini. Nikashika moyo. Mkate haukudondoka, ulikuwa umeshika kwenye kuta. Uso wake ukapata rangi ya dhahabu kutokana na joto la makaa, huku Bibi akihesabu kwa sauti ya chini, si nambari bali dua fupi anazozijua urefu wake. Akageuza tena, akapitisha kisu pembeni, mkate ukatoka mzima.

"Usiule wa moto, utakuumiza tumbo," akasema, na papo hapo akatukatia vipande viwili vya moto.

Mume wangu alikula vinne. Mkate uliobaki tumefungiwa kwa ajili ya boti ya kesho.

Jumatano, Unguja hadi Mkoani

Meli ya Pemba ni habari nyingine. Ya Dar imejaa watalii na watu wa ofisini. Hii imejaa magodoro, majokofu, matenga ya vitunguu, wanafunzi, na mabibi waliokuja hospitali wanarudi makwao. Tumekaa sitaha ya nje upande wa kivuli. Unguja inasonga upande wa kulia kwa muda mrefu, minazi na hoteli, mpaka Nungwi.

Ukiipita Nungwi unaingia mkondo, na hata siku ya maleleji meli inaanza kuyumba. Hapa ndipo abiria walipopunguza mazungumzo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama katika maji haya ikielekea Pemba, imebeba watu wengi mno kupita uwezo wake. Walikufa mamia. Karibu kila mpemba tuliyezungumza naye ana mtu wake. Mama aliyekaa mbele yetu alinyanyua viganja, akasoma Fatiha, akajifuta uso, kisha akafungua kikapu na kutukaribisha vitumbua. Nasi tukatoa mkate wa kumimina wa Bibi. Akaumega, akautafuna kwa makini. "Huyu anajua," akasema. Hapo mazungumzo yakarudi.

Mkoani gati ni refu na mlima unaanzia hapo hapo bandarini. Pemba si tambarare kama Unguja. Ni vilima na mabonde, mpunga chini, mikarafuu juu. Daladala la Chake Chake lilipita vijiji ambavyo kila uwanja umetandikwa majamvi, na juu ya majamvi karafuu, nyingine bado za kijani na waridi, nyingine zimeshageuka kahawia. Harufu inaingia dirishani na haitoki. Mume wangu akafungua kioo chote.

Usiku Chake Chake, mjini kati: mkate wa ajemi, maharage ya nazi, mishkaki, juisi ya mabungo. Mabungo kwa asiyeyajua ni matunda ya porini yenye uchachu wenye utamu ndani yake, na juisi yake nzito ya manjano ndiyo niliyokunywa kila siku tuliyokaa Pemba. Pweza? "Bado kidogo," akasema mwenye banda, akatazama mwezi juu ya paa. Mwezi kumi na tatu.

Alhamisi, Misali

Tumetoka Wesha alfajiri, kabla maji hayajatoka yakaacha mashua matopeni. Misali iko magharibi ya Chake Chake, kijisiwa kidogo cha msitu na mchanga mweupe kisichokaliwa na mtu wa kudumu. Mwaka 1998 kiliwekwa chini ya hifadhi, na upande mmoja wa matumbawe yake hauvuliwi kabisa. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapa akasali, na wavuvi wanakiheshimu kisiwa kwa sababu hiyo kabla hata ya sheria ya serikali.

Tumeogelea ukingoni mwa miamba. Sina maneno mengi ya mambo ya chini ya maji. Nitasema tu kwamba matumbawe yanaanza pale pale penye kina cha kiuno, na hatua chache mbele chini panakatika ghafla, rangi inakuwa buluu nzito, na unajua huko ni mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita. Nilirudi nyuma haraka. Mume wangu alibaki juu ya ukingo ule, uso majini, mikono ameinyoosha.

Chakula tulikipata dagoni. Wavuvi wa vijiji vya magharibi hupiga kambi Misali siku kadhaa kwa vibali, na asubuhi ile walikuwa na kolekole wawili waliopata kwa mshipi. Tukanunua mmoja. Mzee mmoja akampika chukuchuku: maji, chumvi, kitunguu, pilipili mbichi zilizopasuliwa, na ndimu nyingi, basi. Hakuna nazi, hakuna mafuta. Samaki aliyetoka majini saa moja kabla hahitaji msaada. Tulikula kwa muhogo wa kuchemsha, tumeketi juu ya gogo, na mchuzi ule wa maji maji tumeunywa kwa vikombe vya bati. Kama ningeulizwa chakula kimoja cha safari nzima, pengine ningetaja hiki kuliko cha Forodhani.

Nikamwuliza mzee kuhusu dagaa, kwa sababu sijawaona popote. Akanieleza kwa upole alioutumia kijana wa Forodhani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, taa ya mvuvi haina kazi, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo wiki hii wavuvi wa dagaa wamelala majumbani, wanashona nyavu. Mwezi unaotupa pweza ndio unaotunyima dagaa. Nilipenda sana kulijua hilo. Mjini tumezoea kuingia sokoni tukakuta kila kitu kila siku kwenye barafu, na hatujui tena nani alilala na nani alikesha.

Ijumaa, Chake Chake

Asubuhi tumekwenda Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo. Karafuu yenyewe inauzwa serikalini kupitia ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar. Makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, ndiyo yanayochemshwa hapa kutoa mafuta. Wanatoa pia mafuta ya mchaichai na ya mdalasini. Tumenunua chupa ndogo ya mafuta ya karafuu kwa ajili ya jino la mama mkwe.

Jirani na kiwanda familia moja ilikuwa inachambua, watu wa rika zote wamezunguka lundo. Tumekaribishwa kukaa. Unashika kishada, unakisugua juu ya kiganja kwa msokoto mmoja, karafuu zinadondoka huku, makonyo unatupa kule. Watoto wana kasi inayotia aibu mtu mzima. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na kazi yao ni ya hatari kweli, kwani mikarafuu ni mirefu na matawi yake hukatika bila kuonya. Kila msimu watu huanguka. Nitakapotia karafuu tatu kwenye pilau yangu Mbagala nitaijua bei yake.

Mume wangu akaenda msikitini, mji ukafungwa, na baada ya swala kila dirisha likatoa harufu ya biriani. Tumekula kwenye mkahawa mdogo wa barabara kuu. Wali mkavu wenye zafarani, masala yametengwa, nyama inamegeka kwa kijiko. Hapakuwa na orodha ya vyakula. Ijumaa ni biriani.

Jioni tumewatembelea popo wa Kidike. Popo wa Pemba hapatikani kwingine duniani. Mabawa yake yakinyooshwa yanapita mita moja na nusu, na manyoya ya kichwani ni ya rangi ya machungwa. Zamani alikuwa kitoweo hapa, watu walimwinda mpaka miaka ya 1980 mwishoni akakaribia kutoweka. Wanakijiji wa Kidike na wa vijiji vingine wakaamua kumlinda, na leo wananing'inia kwa maelfu kisiwani kote. Mzee aliyetupeleka alisema aliwahi kumla utotoni na kwamba nyama yake ni tamu. Alilisema bila haya na bila hamu, huku anatuonesha mama aliyemkumbatia mwanawe ndani ya bawa.

Jumamosi, Ngezi, Makangale na Konde

Leo ndiyo siku. Mwezi kumi na sita, maji kukupwa kiasi cha saa nne asubuhi.

Tumepita kwanza msitu wa Ngezi, kaskazini kabisa, mabaki ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya Pemba kabla mikarafuu haijapandwa. Mivule mikubwa, na mipapindi, miti ya jamii ya minazi, ya pekee ya hapa. Hata kima punju wapo wachache, walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, lakini hatukuwaona. Kusema kweli hatukuwatafuta sana. Mume wangu alikuwa anatazama saa.

Tulipotokea pwani ya Makangale bahari ilikuwa imeondoka. Pale palipopaswa kuwa na maji palikuwa na uwanja wa miamba, majani ya bahari na vidimbwi, mpaka mbali kabisa ambako mawimbi yalikuwa mstari mweupe. Na uwanja mzima ulikuwa na watu. Wanawake wamefunga kanga viunoni, kila mmoja na fimbo na ndoo, wanainama, wanasimama, wanaitana.

Nilivua viatu vya mjini, nikaazimwa malapa, nikamfuata dada mmoja aliyenikubalia. Kwa macho yangu miamba yote ni sawa. Kwa macho yake kuna mashimo yaliyo wazi na mashimo yaliyofungwa, na kwenye yaliyofungwa pweza amejivutia vijiwe na maganda ya kombe mlangoni, kwa sababu anakula ndani na kutupa makombo nje. Alisimama mbele ya shimo ambalo ningelikanyaga. Akaingiza fimbo taratibu, akaitikisa. Akangoja. Mkono mmoja ukatoka, wa kahawia, ukaipapasa fimbo, ukajizungusha. Akavuta kidogo, akalegeza, akavuta tena, na kwa mkono wa pili akamchomoa pweza mzima, ambaye kwa muda wa kupepesa jicho aligeuka kutoka kahawia kuwa mweupe na kuwa mwekundu, akamwaga wino wote kwenye kidimbwi. Dada akamgeuza kichwa ndani nje, akamtia ndooni, akanawa mikono. Haikuchukua hata dakika moja.

"Mdogo mnaachia?" nikamwuliza.

"Tunaachia, dada. Na kuna vijiji wanafunga miamba yao miezi mitatu hawagusi kabisa. Wakifungua, wanatoa wa kilo tatu, nne. Nasi tunazungumza tufanye."

Pweza hukua haraka sana, ndiyo maana miezi michache inatosha kuleta tofauti inayoonekana kwenye mzani. Natamani na huku Makangale wakubaliane.

Tumenunua wawili kwake. Akatupigia yeye mwenyewe juu ya jiwe, maana pweza asiyepigwa anakaa kinywani kama raba, kisha tukapanda daladala hadi Konde, kwa mama mmoja mwenye banda la chakula ambaye dada yule alituelekeza kwake. Hakushangaa kuona wageni wanaingia na pweza mkononi. Akamchemsha kwanza kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, mpaka akawa wa waridi. Akamkata. Akakaanga kitunguu na thomu, akatia bizari, nyanya kidogo, ndimu, tui jepesi, mwisho tui zito, akapunguza moto. Tulikaa kwenye benchi tukamtazama akikoroga kwa muda mrefu, na yeye hakuwa na haraka. Wali ulikuwa tayari.

Mume wangu alikula kijiko cha kwanza akanyamaza. Tumeoana miaka mingi na namjua. Mtu huyu akinyamaza mezani mambo yamenyooka. Nyama ilikuwa laini lakini ina ukaidi kidogo, mchuzi mtamu kwa nazi na bahari. Tulipomaliza, mama akaja akaona sahani, akacheka.

"Mmekuja na maji," akasema. "Wageni wengi wanakuja na pesa tu, wanataka pweza maji mafu. Nawapa nini?"

Jumapili, Mkoani

Meli ya kurudi imechelewa kidogo. Mfukoni tuna chupa ya karafuu, halua iliyofungwa kwenye vikapu vidogo vya ukili kwa ajili ya watoto, na pweza mkavu ambaye nimemfunga mara tatu kwenye plastiki kwa heshima ya abiria wenzetu.

Tunabishana kuhusu safari ijayo. Mimi nataka turudi kaskazi ikishaingia, wakati wa shokishoki. Yeye anataka mwezi wa giza, tulale Mkokotoni, tuone taa za wavuvi wa dagaa usiku na tuamke asubuhi wakiwa wanachemshwa ufukweni. Amekwishafungua kalenda ya simu, anatafuta mwandamo. Nimemwambia aangalie na likizo ya shule.